USHAURI: Retinoli yangu inapotea kila mchana

Mwalimu,

Mimi ni msomaji wako wa hapa Kawe, upande wa Ukwamani. Nina miaka minne kazini kama mteknolojia wa maabara. Miezi saba iliyopita nilikabidhiwa mashine ya HPLC ambayo ofisi yetu ilinunua ikiwa imetumika, kazi yake kupima vitamini A na E kwenye plazma. Sasa tuna sampuli 64 za watoto chini ya miaka mitano kutoka kliniki za Kawe, Mbezi, Tegeta hadi Bunju. Zinaletwa kwa bodaboda ndani ya boksi la barafu.

Shida yangu ni hii. Sampuli ninazozishughulikia asubuhi zinatoa retinoli ya kawaida, za mchana zinashuka. Nusu ya watoto wa mchana wanaangukia chini ya 0.70. Nilidhani ni foleni ya Barabara ya Bagamoyo, kwamba damu ya mbali inafika imeharibika. Lakini hata plazma yetu ya kontroli, inayokaa kwenye friza, asubuhi inasoma 1.42 na mchana 1.05. Tokoferoli haina neno, iko kwenye 24 asubuhi na jioni. Standadi ya ndani, tokoferili asetati, nayo haitikisiki.

Kuna mengine. Kilele cha retinoli asubuhi kinatoka dakika ya 4.1, saa nane mchana kinatoka dakika ya 3.7. Siku hizi kina bega upande wa mbele. Shinikizo la pampu limepanda kutoka bar 95 hadi 180 ndani ya wiki tatu. Na baada ya sampuli fulani fulani, kwenye ile inayofuata kunatokea kilima kipana nisichokielewa.

Ninavyofanya: plazma mikrolita 200, ethanoli yenye standadi ya ndani, heksani, natikisa, sentrifuji, nachukua tabaka la juu, nakausha, kisha nayeyusha upya kwa isopropanoli maana ndiyo inayoyeyusha kila kitu. Mtungi wa naitrojeni uliisha mwezi uliopita, kwa hiyo nakaushia pampu ndogo ya hewa, kwenye meza ya dirishani kwa sababu soketi iko huko.

Mkuu wangu anataka matokeo Ijumaa. Ameniambia nizidishe majibu ya mchana kwa 1.35 ili kontroli irudi mahali pake, tumalize. Sina amani. Pia anataka mwezi ujao tuongeze vitamini D na K kwenye mashine hiyo hiyo. Nifanyeje?

Mwenye Dukuduku,
Kawe

JIBU

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na safari ya pili nilipiga mstari chini ya maneno matatu: kontroli, tokoferili asetati na dirishani. Ukiyaweka pamoja, jibu linaanza kujitokeza lenyewe.

La Ijumaa nalijibu kwanza kwa sababu ndilo linalokunyima amani: usizidishe. Sababu nitazitoa tukishaona retinoli inapotelea wapi, maana mkuu wako hatatosheka na "hapana" tupu. Atataka kuonyeshwa.

Jambo moja nakuomba ulishike mpaka mwisho wa jibu hili: kosa la maabara lina mwelekeo. Linapandisha au linashusha, linagusa vyote au kimoja, linakuja asubuhi au linasubiri mchana. Kabla hujashika spana, andika mwelekeo huo kwenye karatasi, kisha mhoji kila mshukiwa: wewe ungeniharibia kwa upande gani? Wengi wataondoka wenyewe bila kufungua hata skrubu moja.

Tuanze na foleni. Dhana yako ilikuwa na akili, kwa sababu boksi linalotoka Bunju linaweza kukaa barabarani muda mrefu. Lakini kontroli yako haijawahi kupanda bodaboda. Inalala kwenye friza, inatembea hatua chache hadi mezani, na bado ikifika mchana imepoteza robo nzima. Kwa hiyo barabara tuiachie huru kwa kosa hili. Retinoli inapotelea ndani ya chumba chako, baada ya kontroli kuyeyuka.

Mshukiwa wa pili ni mashine. Retinoli, tokoferoli na standadi ya ndani huingia kwa bomba moja la sindano, husukumwa na pampu moja, hupita kolamu moja. Sindano ingekuwa inavuja, vyote vitatu vingepungua pamoja. Kilichopungua ni kimoja. Hata hivyo usiniamini kwa maneno, thibitisha. Chukua kichupa kimoja cha standadi, kiingize mara sita asubuhi na mara sita saa nane mchana. Maeneo ya vilele yakitofautiana kwa asilimia 2 au chini ya hapo, mashine haina hatia. Ukiwa hapo, tazama pia mstari wa msingi ambao programu inauchora chini ya kilele. Kama inalikata lile bega na kuliacha nje, utapoteza eneo bila kupoteza vitamini.

Wa tatu ni standadi yenyewe, na hapa wengi hukosea. Standadi ya retinoli ikioza, majibu ya wagonjwa hayashuki, yanapanda: kichupa kinadai kina mikrogramu 3 kumbe kimebaki na 2, na kila mgonjwa anayelinganishwa nacho anaonekana tajiri kuliko alivyo. Kinachoshusha majibu ni standadi iliyokolea, yaani ethanoli imepepea kwa joto la Dar es Salaam kwa sababu kifuniko hakikukazwa. Lakini standadi iliyokolea haiwezi kushusha mchana na kesho asubuhi ikaponya tena. Kwa hiyo sidhani ndiye mwizi wako. Ihakikishe tu, maana retinoli haipaswi kuaminiwa kwa mizani peke yake. Ipime kwenye spektrofotometa kwa nanomita 325: katika ethanoli, mikrogramu 1 kwa mililita husoma 0.185 kwenye kuveti ya sentimita moja. Ya mikrogramu 3 isome karibu na 0.555. Ikisoma tofauti, iamini spektrofotometa na uache lebo.

Sasa tunafika dirishani.

Ndani ya plazma, retinoli husafiri ikiwa imekumbatiwa na protini yake maalumu, molekuli moja kwa moja, na humo ina hifadhi. Unapomwaga ethanoli, protini inaganda na kuiachia. Tangu dakika hiyo retinoli iko wazi kwa hewa na mwanga, na hatari huwa kubwa zaidi pale heksani inapokauka na kuiacha kama utando mwembamba chini ya mrija. Wewe hatua hiyo unaifanya dirishani, kwa hewa yenye oksijeni, na mchana jua limeshahamia upande huo. Asubuhi dirisha lina kivuli. Ndiyo maana kosa lako lina saa.

Utauliza: mbona tokoferoli imesalimika, nayo si ilikuwa dirishani? Jibu liko kwenye ditekta yako. Retinoli unaipima kwa nanomita 325 kwa sababu ndiyo miale inayoimeza kwa wingi. Jua lina miale hiyo, na kioo cha kawaida hakiizuii yote. Tokoferoli humeza miale ya karibu na 292, ambayo kioo huizuia karibu yote. Mwanga ule ule unaounguza retinoli hauna njia ya kuifikia tokoferoli. Hewa ni mshitakiwa wa pili, maana oksijeni huwashambulia wote wawili. Ila retinoli iko kidogo mno kwenye damu, karibu mara ishirini chini ya tokoferoli, na ndiyo dhaifu zaidi.

Kwa nini basi standadi ya ndani haikukupigia kelele? Standadi ya ndani tunaiweka iwe shahidi: ipite kila hatua pamoja na vitamini, iumie pale vitamini inapoumia, ili uwiano wao utuambie ukweli. Lakini sehemu ya tokoferoli inayoshambuliwa na oksijeni, kwenye tokoferili asetati imefunikwa na asetati. Haiogopi hewa, haiogopi dirisha lako. Umemtuma shahidi aliyevaa koti la mvua akakuletee habari za mvua. Amerudi mkavu, nawe ukaamini hakukunyesha. Kwa tokoferoli anafaa kusimamia hasara za kutikisa na kumimina, muache aendelee. Kwa retinoli tafuta retinili asetati: ni ya ukoo wake, inaonekana kwa 325 hiyo hiyo, na haipatikani kwenye damu ya binadamu kiasi cha kukuchanganya. Nayo ni ngumu kidogo kuliko retinoli, kwa hiyo isikufanye uache kufunika mirija.

Haya yote mpaka hapa ni hoja. Hoja haipelekwi kwa mkuu, unapeleka jaribio. Usiguse plazma ya watoto, tumia kontroli. Yeyusha ya kutosha, ichanganye vizuri, igawe kwenye mirija minane, miwili kwa kila njia, na jaribio lote ulifanye saa nane mchana, kwa naitrojeni ya kuazima. Ya kwanza: foili na naitrojeni. Ya pili: foili na pampu ya hewa. Ya tatu: dirishani na naitrojeni. Ya nne: dirishani na pampu ya hewa, kama desturi yako. Ya pili na ya tatu, kila moja inatofautiana na ya kwanza kwa kitu kimoja tu. Ya kwanza ikisoma 1.42 na ya tatu ikaanguka, mwizi ni mwanga. Ya pili ikianguka, ni hewa. Zikianguka zote mbili, wako wawili. Ni kazi ya nusu siku, na itakupa karatasi moja ambayo hakuna wa kubishana nayo.

Dawa yake si ghali. Hamisha ukaushaji kutoka dirishani, hata kama ni kwa kuvuta waya wa soketi. Weka pazia zito, kitenge kilichokunjwa mara mbili kinatosha kuanzia. Funga mirija kwa foili, tumia vichupa vya kahawia. Ongeza kinga ya oksijeni, BHT kidogo, kwenye ethanoli yako. Joto la kukaushia lisizidi nyuzi 40, na mrija ukikauka tu, uyeyushe papo hapo; usiuache mkavu ukaenda kunywa chai. Naitrojeni sisitiza inunuliwe. Mpaka ifike, unaweza kuacha kabisa hatua ya kukausha: gandisha protini kwa ethanoli au asetonitraili, zungusha kwa nguvu kwenye sentrifuji, ingiza maji ya juu moja kwa moja. Kilele kitakuwa kifupi, lakini retinoli ya mikromoli moja kwa lita bado inaonekana, na kilele kifupi cha kweli kina thamani kuliko kirefu kilichoungua. Ila ukibadili njia, jenga upya mstari wa standadi kwa njia hiyo hiyo.

Sasa yale mengine manne. Yanatisha kwa wingi wao, lakini matatu ni ndugu.

Bega la kilele, shinikizo na kile kilima, vyote nakuona umevialika kwa isopropanoli. Unasema inayeyusha kila kitu, na hilo ndilo kosa lake. Kilele kinahitaji sampuli itue kwenye mdomo wa kolamu na kujikusanya kabla ya kusafiri. Ukiiingiza ndani ya isopropanoli, ambayo ina nguvu kuliko methanoli inayopita kwenye kolamu, sehemu ya retinoli inabebwa mbele kabla haijatua. Hilo ndilo bega lako. Yeyushia kwa methanoli, au kwa mchanganyiko ule ule unaopita kwenye kolamu, na uingize mikrolita 20 badala ya 50 kama ndivyo ulivyozoea. Faida ya pili: methanoli itaacha mafuta mazito ya damu yameganda kwenye kuta za mrija, yasiingie kwenye kolamu. Tikisa vizuri ili tokoferoli isibaki nayo, na hapo tokoferili asetati itakupa ushahidi wa haki.

Shinikizo lililopanda karibu maradufu ni mafuta hayo pamoja na vipande vya protini. Usikisie pa kuziba. Pampu ikiwa inaenda polepole, legeza viungio kimoja kimoja kuanzia upande wa ditekta ukirudi nyuma. Pale shinikizo linapoanguka, kizibo kiko kwenye kipande ulichokiacha mbele. Mara nyingi ni kolamu-kinga, na kazi yake ni kufa badala ya kolamu, kwa hiyo ibadilishe bila huzuni. Kama huna kolamu-kinga, hiyo iwe ya kwanza kwenye orodha yako ya manunuzi kabla ya kitu kingine chochote. Jioni ukimaliza kazi, hapo ndipo isopropanoli ina nafasi yake: ipitishe kwenye kolamu taratibu, mililita 0.3 kwa dakika, kwa sababu ni nzito na itapandisha shinikizo. Mwisho rudisha methanoli. Viyeyusho vyote vichuje.

Kile kilima kipana ni abiria wa basi lililotangulia. Kitu kilichoingia na sampuli ya kwanza hakikuwahi kutoka, kikashuka wakati wa sampuli ya pili. Kihakikishe kwa kuingiza methanoli tupu mara baada ya sampuli unayoishuku. Kilima kikitokea kwenye methanoli isiyo na kitu, umemshika. Nadhani ni karotini pamoja na mafuta. Waulize akina mama watoto hao wanakula nini. Nyumba inayopikia mawese ya Kigoma, au mtoto aliyeshinda na maembe msimu mzima, huleta karotini nyingi kwenye damu, nayo hung'ang'ania kolamu ya C18 muda mrefu. Kilima hicho si uchafu, ni chakula cha mtoto. Refusha muda wa kila sampuli au malizia kila moja kwa kusafisha kidogo, na kama una ditekta inayofika nanomita 450, siku moja utaweza kuipima karotini hiyo nayo iwe jibu.

Sayansi yetu hii ilianzia kwenye rangi hizo hizo. Mtaalamu wa mimea Mikhail Tswett, akifanya kazi Warsaw, alieleza mwaka 1903 na kuandika mwaka 1906 jinsi alivyopitisha rangi za majani kwenye mrija uliojaa unga wa chaki, zikajitenga mistari mistari. Kwenye chaki yake karotini ilitangulia mbele ya wenzake. Kwenye kolamu yako ya C18 inabaki nyuma ya wote, kwa sababu yetu inapenda mafuta na chaki haiyapendi. Ukiielewa hiyo tofauti, hutakiogopa tena kilima.

Linabaki la muda wa kilele, 4.1 asubuhi na 3.7 mchana. Soma mwelekeo. Kama methanoli ingekuwa inapepea kwenye chupa isiyofunikwa, maji yangeongezeka na kilele kingechelewa. Chako kinawahi. Kinachowahisha ni joto: kila nyuzi moja huhamisha kilele kwa asilimia 1 hadi 2, na wewe umehama karibu asilimia 10. Chumba chako kinapanda nyuzi tano au zaidi kati ya asubuhi na mchana, labda kiyoyozi kinazidiwa au umeme unakatika. Kama mashine ina oveni ya kolamu, kumbuka oveni nyingi zinapasha tu, hazipoozi. Ukiiweka 25 katika chumba cha nyuzi 31 ni sawa na kuizima. Iweke 40, juu ya joto lolote la Kawe, na uipe nusu saa itulie kabla ya sampuli ya kwanza. Kilele kitaacha kutembea.

Sasa turudi kwa ile 1.35.

Namba hiyo mkuu wako ameipata kwa kugawa 1.42 kwa 1.05. Ni hesabu sahihi ya kontroli moja. Lakini mwanga haukuwagawia watoto hasara sawa. Mrija uliokuwa ukingoni mwa raki, usoni mwa jua, huenda umepoteza nusu. Uliokuwa katikati, kivulini mwa wenzake, umepoteza kidogo. Ukizidisha wote kwa 1.35, yule wa kwanza bado ataitwa mgonjwa na wa pili utampa vitamini asiyokuwa nayo. Namba zitapendeza kwenye jedwali, kontroli itarudi mahali pake, na hakuna mtoto hata mmoja atakayekuwa amepata jibu lake.

Na huo mstari wa 0.70 si wa kuchezea. Ni mikromoli kwa lita, sawa na mikrogramu 20 kwa desilita, na ndio unaotumiwa na Shirika la Afya Duniani kutambua upungufu wa vitamini A. Asilimia 20 ya watoto wa eneo wakiwa chini yake, shirika hilo linaliita tatizo kubwa la afya ya jamii. Mtoto mwenye 0.75 akipoteza asilimia 10 tu anasoma 0.675, ameanguka. Wewe unaye nusu ya watoto wa mchana chini ya mstari. Karatasi yako ikitoka hivyo, Kawe hadi Bunju itatangazwa kuwa kwenye hatari, kumbe tatizo ni dirisha. Ukizidisha, huenda ukaificha hatari iliyopo kweli. Na inawezekana ipo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 uliopima damu za watoto wa Tanzania ulikuta takriban theluthi moja wana upungufu. Ndiyo sababu Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, bado inahimiza matone ya vitamini A kila miezi sita kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, na ndiyo sababu kanuni za mwaka 2011 ziliagiza mafuta ya kula yaongezwe vitamini hiyo. Maamuzi ya aina hii husimama juu ya namba za watu kama wewe.

Jiji letu lina mfano wake. Kuanzia mwaka 1995, watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwafuatilia zaidi ya wanawake elfu moja wajawazito wenye virusi vya UKIMWI hapa Dar es Salaam. Vidonge vya vitamini B, C na E vilichelewesha ugonjwa. Vitamini A, ambayo wengi waliitegemea, haikuleta manufaa hayo, na ilihusishwa na ongezeko la maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Jibu hilo halikuwa lile lililotarajiwa, na lilipokelewa kwa sababu kazi yake iliaminika. Namba inayosahihishwa ili ifanane na matarajio haiwezi kamwe kutufundisha jambo kama hilo.

Nami niliwahi kuzidisha, nikiwa kijana, katika maabara ambayo sitaitaja. Tulitafuta kigawo, tukatuma majibu, na baada ya wiki mbili tukakuta kifuniko cha chupa ya standadi kina ufa. Namba nimezisahau. Simu nilizopiga kliniki moja baada ya nyingine kuomba majibu yarudishwe sijazisahau.

Kwa mkuu wako nenda asubuhi, kabla kazi hazijamzonga, na uende na karatasi ya mirija minane. Mwambie hivi: "Mkuu, kontroli ya mchana imeshuka kwa robo na chanzo nimekipata. Majibu ya vitamini E ya watoto wote naweza kukukabidhi Ijumaa, kontroli yake iko sawa. Ya vitamini A naomba siku tatu na mtungi mmoja wa naitrojeni, nirudie sampuli za mchana." Hujamkatalia, umempa njia. Viongozi wengi wanaolazimisha kigawo wanafanya hivyo kwa sababu hakuna aliyewaletea njia nyingine.

Sampuli za mchana zirudie kutoka kwenye plazma iliyobaki. Retinoli iliyo gizani kwenye friza la nyuzi hasi 20 hudumu miezi, mradi huiyeyushi na kuigandisha tena na tena. Kama plazma ni chache, punguza kila kitu kwa nusu na ujaribu kwanza kwenye kontroli. Mtoto ambaye plazma yake imekwisha, andika wazi kwamba jibu halipo, na kliniki iombwe damu nyingine. Pia omba kipimo cha uvimbe mwilini, CRP, kwa wanaobaki chini ya mstari: mtoto mwenye malaria au homa ya mapafu, retinoli yake hushuka kweli kwenye damu hata kama ini lina akiba. Namba hiyo ni ya kweli, ila maana yake ni nyingine, na daktari anahitaji kuijua.

Kuhusu D na K, mwambie mkuu wako asubiri. Retinoli iko kwenye mikromoli. Vitamini D ya damu iko kwenye nanomoli. Wamaasai na Wahadzabe wanaoishi maisha ya jadi juani, waliopimwa hapa Tanzania, walikuwa na wastani wa nanomoli 115 kwa lita, na mtu wa ofisini mjini huwa na pungufu ya hapo. Kwa mashine yako ni kilele kidogo mno, kwa nanomita 265 ambako uchafu mwingi wa damu nao hujitokeza. K ni ndogo zaidi, karibu nanomoli moja, na huhitaji ditekta ya mng'ao na hatua ya kuibadilisha kwa zinki. Chumba ambacho bado kinapoteza retinoli hakijawa tayari kwa hizo. Kontroli yako ya A ikisimama palepale asubuhi na mchana kwa miezi mitatu, rudini kwenye mazungumzo hayo.

Kesho anza na pazia, kisha mirija minane. Ukishapata majibu, niandikie yamesema nini, hata kama yamenipinga.

Mwalimu wako